Mkuu wa shule kuwa katibu wa bodi inayomsimamia: tuendelee au tuache?

Yatokanayo (mleta mada)

Wadau, naweka hoja mezani. Tuijadili hoja, tusijadili watu.

Kazi za bodi ya shule kila mtu anazijua kwa kichwa: kuweka dira, kusimamia fedha, kumwajibisha mkuu wa shule. Sasa njoo kwenye kikao chenyewe. Ajenda kaiandaa mkuu wa shule. Taarifa ya fedha kaileta mkuu wa shule. Anayeandika kumbukumbu ni mkuu wa shule. Kikao kinachofuata, tukifika kwenye yatokanayo, tunasoma alichoamua kuandika kuhusu maswali tuliyomuuliza yeye mwenyewe. Mjumbe aliuliza kwa nini zabuni ilitolewa kabla bodi haijaiona; kwenye kumbukumbu imekuwa "wajumbe walijadili manunuzi na kuridhika na maelezo". Nani aliridhika?

Kenya, Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamtaja mkuu wa taasisi kuwa katibu wa Bodi ya Usimamizi. England, kwenye shule zilizo chini ya mamlaka za mitaa, wamefanya kinyume: mkuu wa shule ni mjumbe kwa wadhifa wake na anapiga kura asipokataa mwenyewe ujumbe huo, ila bodi inatakiwa iteue karani, na karani huyo hawezi kuwa mkuu wa shule. Amepewa kura, amenyimwa kalamu.

Kwangu mimi hao wamelenga penyewe. Kura moja katika bodi ya watu zaidi ya kumi haigeuzi jambo. Anayeamua nini kiingie kwenye ajenda na nini kiandikwe ndiye anayeongoza kikao, hata kama kiti cha mwenyekiti kimekaliwa na mwingine.

Msimamo wangu: mkuu abaki bodini, aseme, na kura apige mkitaka. Ukatibu auachie.

Chaki Nyeupe

Mleta mada, nakusalimu. Mimi ni mkuu wa shule, kwa hiyo ujue mapema nimesimama wapi.

Umeandika kana kwamba tunaung'ang'ania ukatibu kwa utamu wake. Hauna utamu. Usiku wa kuamkia kikao ninachapa makabrasha, asubuhi napiga simu kutafuta akidi, na saa ya kikao najibu maswali huku naandika majibu yangu mwenyewe. Wajumbe wengine bahasha wanaifungulia mezani. Unataka niache? Kesho asubuhi nitamkabidhi yeyote, mradi yupo.

Lakini angalia jambo hili. Kenya uliyoitaja, mwalimu wa umma haajiriwi na bodi. Mwajiri ni Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyomo ndani ya Katiba ya 2010. Bodi haiwezi kunifukuza. Sasa nikipindisha kumbukumbu ninamkwepa nani? Mkaguzi wa hesabu akija hamwiti mwenyekiti, ananiita mimi, na anataka azimio la bodi lililoandikwa na kusainiwa. Anayeumia kumbukumbu zikikosekana ni mimi wa kwanza.

Na kuna lingine ambalo wajumbe huwa hawalisemi. Ukatibu ndio unaonipa nafasi ya kusema "waheshimiwa, hili tuliliamua vingine mwaka jana" au "hili sheria haituruhusu". Niondoe hapo, nibaki mtu wa kuitwa na kuhojiwa, halafu utaona nani anaandika ajenda. Itakuwa mjumbe mwenye sauti kubwa, au mwenye shemeji anayeuza madawati.

Mjumbe Kimya

Mkaguzi hamwiti mwenyekiti kwa sababu mwenyekiti hana faili. Mwulize katibu kwa nini hana.

Sauti ya Mzazi

Mimi naona mnagombania daftari. Shida yetu wazazi ni moja: mtoto akionewa, mwalimu anasema nenda kwa mkuu, mkuu anasema bodi imeshaamua, na bodi hujui inakaa lini. Njia pekee ni kumjua mjumbe mmoja na kumpigia. Huyo ndiye anayetusaidia. Mkuu awe katibu au asiwe, kwangu mimi kinabadilika nini?

Kiti Cha Zamani

Sauti ya Mzazi, mama au baba, uniwie radhi, hapo kwenye kumpigia mjumbe ndipo bodi nyingi zinapovunjikia. Niliwahi kuwa mwenyekiti, na simu hizo nazijua.

Mjumbe mmoja mmoja hana mamlaka yoyote. Mamlaka ni ya bodi ikiwa imekaa, ina akidi, na imeazimia. Mjumbe akipokea simu yako na kumwambia mwalimu "mrudishe mtoto darasani", ametumia madaraka ambayo hakupewa. Hasara ya pili ni yako wewe. Bodi ndiyo mahali pa rufaa. England, kwa mfano, anayeweza kumfukuza mwanafunzi ni mkuu wa shule peke yake, na uamuzi wake unaweza kupelekwa mbele ya jopo la wajumbe wa bodi. Sasa kama yule uliyempigia ameshasikia upande wako na ameshaahidi kukusaidia, hafai tena kukaa kwenye jopo hilo. Ukiwapigia watatu, umemaliza majaji wako.

Kinachotakiwa ni karatasi moja inayoeleza malalamiko yanaanzia kwa nani, yanapanda kwa nani, ndani ya muda gani, na lini yanafika bodini. Kila mzazi aipate. Mjumbe akipigiwa aseme: njia ni hii, mimi nitakuja kuhakikisha tu kwamba ilifuatwa.

Na hapa ndipo swali lako la daftari linapojibiwa. Rufaa dhidi ya uamuzi wa mkuu wa shule inasikilizwa, na anayeandika yaliyosemwa ni mkuu wa shule. Je, bado ni ugomvi wa daftari?

Afrika Kusini sheria yao ya shule ya 1996 inamtaka mjumbe wa bodi atoke nje ya kikao jambo lenye maslahi yake binafsi linapojadiliwa na kuamuliwa. Mjumbe anaweza kutoka, kikao kikaendelea. Katibu akitoka, kikao kinabaki bila mwandishi. Mimi ilibidi niwe nashika kalamu mwenyewe huku naongoza, na kumbukumbu zangu za siku hizo zilikuwa aibu tupu.

Hesabu Za Nje

Nachangia upande wa fedha kwa ufupi, maana huko nina uzoefu.

Msihangaike sana na nani anaandika. Hangaikeni na nini kinaletwa. Bodi nyingi hupewa kurasa kumi na tano za tarakimu ambazo hakuna mjumbe anayezielewa, halafu wanaambiwa muda umekwisha. Dai ukurasa mmoja: bajeti iliyopitishwa, kilichotumika hadi leo, madeni tunayodaiwa, malipo tuliyokwisha kuahidi ila hayajatoka, na salio la benki lililolinganishwa na taarifa ya benki yenyewe. Kila tofauti kubwa iandikiwe sababu mstari mmoja. Makabrasha yafike wiki moja kabla. England kanuni inataka siku 7 kamili, na si anasa hiyo.

Bodi ikikubali kusomewa taarifa mezani kwa mara ya kwanza, hata ungeajiri katibu malaika haitasaidia.

Dada Wa Ibara

Mnaruka swali la msingi. Bodi gani? Kuna bodi zinazoajiri na kuna bodi zinazoshauri, nanyi mnaziongelea kama kitu kimoja.

New Zealand, tangu mageuzi ya 1989, bodi ya shule ndiyo mwajiri. Mkuu wa shule ni mjumbe wa bodi hiyohiyo, ila hawezi kuwa mwenyekiti wake. Chicago, baada ya sheria ya mageuzi ya 1988, mabaraza ya shule yenye wazazi wengi kuliko walimu yalipewa mamlaka ya kumchagua mkuu kwa mkataba wa miaka 4, na kuamua kama mkataba unahuishwa. Kwa bodi za namna hiyo, mkuu kuandika kumbukumbu za kikao kinachojadili mkataba wake ni mgongano wa maslahi usiohitaji maelezo.

Afrika Kusini ni habari nyingine. Uongozi wa jumla wa shule uko kwa bodi, usimamizi wa kitaaluma uko kwa mkuu, naye yumo bodini akimwakilisha mkuu wa idara ya elimu ya jimbo. Anatakiwa kuisaidia bodi, lakini si kwa namna inayopingana na maagizo ya mwajiri wake. Ana mabwana wawili. Ukimwambia huyo "bodi inakuwajibisha", atakuuliza kwa lipi hasa.

Kwa hiyo, mleta mada, hoja yako ina nguvu pale bodi inapoajiri. Pale ambapo mwajiri ni tume au wizara, Chaki Nyeupe ana haki: bodi haina meno, na kalamu haimwongezei mkuu kitu.

Yatokanayo

Dada Wa Ibara, mgawanyo wako naukubali. Hitimisho lako nalikataa, kwa sababu naliona limegeuzwa.

Bodi inayoajiri haihitaji sana kumbukumbu. Hata zikipotoshwa, wajumbe walikuwapo, wanajua walichosikia, na siku ya mkataba watapiga kura kwa wanachokijua. Bodi isiyoajiri inabaki na kitu kimoja tu, maandishi. Mwajiri yuko mbali. Hakuwa kikaoni. Atakachojua kuhusu shule ile ni kilichoandikwa: kwamba bodi iliuliza kuhusu zabuni, kwamba haikujibiwa, kwamba iliuliza tena kikao kilichofuata. Mkipeleka malalamiko tume itauliza kumbukumbu zinasemaje, na kumbukumbu zinasema mliridhika.

Pale bodi inapokosa meno, kalamu ndiyo meno yake pekee, na ndipo tulipompa mkuu wa shule aishike.

Chaki Nyeupe

Hilo nalikubali nusu. Nusu nyingine ni kwamba mnamfikiria mkuu mwizi tu. Kuna mkuu mzuri mwenye bodi mbovu, na huyo ndiye wa kawaida kuliko mnavyodhani. Wajumbe wanaingia madarasani kukagua maandalio ya masomo, wanampangia mpishi zamu, wanataka kujua kwa nini mwalimu fulani kapewa ruhusa. Dira ya shule hawajaigusa tangu wateuliwe. Nikiandika kwenye kumbukumbu "mjumbe aliingilia kazi za utawala", naye atasema katibu ana chuki. Tukipata katibu wa pembeni, hilo litaandikwa na litaaminika. Kwa sababu hiyo peke yake naweza kuwaunga mkono.

Sasa niambieni ni nani huyo katibu. Mkisema mwalimu wangu mmoja mimi nitoke mjadalani.

Mjumbe Kimya

Mwalimu wako akuandike wewe, na wewe ndiye unayempangia vipindi? Hapana.

Kiti Cha Zamani

Mwalimu asiwe, mhasibu wa shule asiwe. Mjumbe wa bodi anaweza kwa dharura, ila atakosa kuchangia. Njia iliyo nafuu ni shule tatu au nne za jirani kuwa na karani mmoja anayelipwa kwa kikao, mtu aliyewahi kufanya kazi ya ofisi na anayejua kuandika azimio bila kupamba. Vikao vya bodi si vingi kwa mwaka. Shule inayoshindwa kulipa karani kwa vikao hivyo ichunguze kwanza inalipa nini kwa posho za wajumbe.

Ajenda iandaliwe na watu wawili, mwenyekiti na mkuu, wakae pamoja si chini ya wiki mbili kabla. Karani aiandike na kuituma. Chaki Nyeupe hapotezi nafasi ya kusema "sheria hairuhusu". Atasema akiwa mjumbe, na safari hii litaandikwa na mtu mwingine kwamba alisema, tena kwamba bodi ilipuuza. Hiyo ni kinga bora kuliko aliyo nayo.

Nje ya vikao, mwenyekiti na mkuu wazungumze mara kwa mara, kila mmoja akijua hatamshtukizia mwenzake mbele ya watu. Mkuu asisikie lawama kwa mara ya kwanza kikaoni. Mwenyekiti naye asisikie habari ya moto bwenini kutoka kwa mzazi.

Sauti ya Mzazi

Nimeelewa kuhusu majaji. Swali langu la mwisho: mkimjadili mkuu na mkuu ametolewa nje, yeye atajuaje alichosemwa? Maana mimi ningekuwa yeye nisingelala.

Dada Wa Ibara

Hilo ndilo swali ambalo bodi nyingi hazijajiuliza. Kikao cha bila mkuu kiwe kwenye ajenda ya kila kikao cha kawaida, dakika kumi mwishoni, hata kama hakuna la kusema. Kikiitishwa siku ya matatizo tu, kuitishwa kwenyewe ni hukumu. Karani abaki na aandike maazimio, kama yapo. Na mwenyekiti amwambie mkuu siku hiyohiyo, ana kwa ana, lililozungumzwa na lililoamuliwa, kabla mjumbe mwingine hajamwambia kwa simu toleo lake.

Chaki Nyeupe

Kwa masharti hayo natoka nje hata nusu saa.