MJADALA: Filamu ya Monte Cristo ya 2002 ilikosea kumpa Dantès ushindi?

Wakuu, heshima kwenu.

Naileta mada hii baada ya kubishana na ndugu yangu hadi usiku wa manane. Yeye ameona filamu ya The Count of Monte Cristo ya 2002, iliyoongozwa na Kevin Reynolds, stelingi akiwa Jim Caviezel na adui Guy Pearce. Anaapa hakuna filamu ya kisasi inayoizidi. Mimi nimesoma riwaya ya Alexandre Dumas, sura zote 117, na nasema filamu ile ilichukua ganda ikaacha kokwa.

Kwa asiyeijua hadithi: Edmond Dantès ni baharia kijana wa Marseille, karibu kupewa unahodha. Mwaka 1815 anakamatwa kwenye karamu ya uchumba wake, kwa barua ya uongo kwamba ni mtu wa Napoleon, mtawala aliyeng'olewa. Danglars, mwenzake wa melini, ameitunga; Fernand, anayemtaka Mercédès, mchumba wa Dantès, ameipeleka; na mwendesha mashtaka Villefort anamzika hai ili kumficha baba yake mwenyewe, ambaye ndiye mtu wa Napoleon kweli. Miaka 14 katika gereza la Château d'If. Humo mzee Faria anamsomesha na kumwachia siri ya hazina. Mzee anapokufa, Dantès anajitia kwenye gunia la maiti, anatupwa baharini, anaokoka, anarudi tajiri.

Sasa hapo ndipo njia zinapoachana. Kwenye filamu Fernand anauawa kwa upanga, Mercédès, aliyekuwa ameolewa na Fernand, anamrudia mpenzi wake, na Albert, aliyelelewa kama mtoto wa Fernand, anageuka kuwa damu ya Dantès. Kila kilichoibwa kimerudishwa. Kwenye kitabu hakuna hata kimoja kati ya hivyo. Fernand anajipiga risasi baada ya mkewe na mwanawe kumwacha. Mercédès anarudi Marseille kuishi peke yake kwenye nyumba ambamo baba yake Dantès alikufa kwa njaa. Na kuna mtoto mdogo, Edouard wa Villefort. Dantès alimchochea mama yake mtoto huyo katika mambo ya sumu, akijua familia ile itaangamia. Ikaangamia kweli, na mtoto akafa nayo. Dantès anajaribu kumzindua, anashindwa. Tangu hapo hana tena uhakika kwamba ametumwa na Mungu. Anarudi Château d'If kutazama shimo alilofungwa, apate kukumbuka kwa nini alianza.

Filamu ilimfuta mtoto huyo. Ukimfuta, kisasi kinakuwa hesabu iliyolipwa, basi. Mniambie kama nimekosea.

Mchangiaji wa kwanza:

Umekosea, mkuu. Mimi niliiona kwenye kibanda umiza, tumebanana kwenye mabenchi, na Fernand alipoanguka kibanda kizima kilisimama. Watu waliokuwa mle wanajua dhuluma. Mtu amefungwa miaka 14 bila hatia, baba yake amekufa njaa, halafu mnataka mchumba naye asimpate? Kwa kosa gani?

Halafu Dumas mwenyewe hakuwa mtu wa kulinda maandishi kama masalia. Mbegu ya kisa aliitoa kwa Jacques Peuchet, aliyeandika habari za fundi viatu aliyesingiziwa na rafiki zake. Alikijenga pamoja na Auguste Maquet, kikatoka kwa mfululizo gazetini kuanzia 1844. Na mwaka 1848 akakigeuza tamthilia, ikachezwa kwa jioni mbili. Mwenye mali alikata na kushona upya, sembuse Reynolds mwenye saa mbili tu mkononi?

Mchangiaji wa pili:

Nyote mnamzungumzia Mercédès, na hakuna aliyemtaja Haydée. Mimi ndiye ninayemlilia.

Haydée ni binti wa Ali Pasha, mtawala wa Janina, katika Ugiriki ya leo. Fernand alikuwa afisa aliyeaminiwa na baba yake, akamsaliti kwa Waturuki, kisha akamuuza binti na mama yake utumwani. Miaka baadaye, Fernand akiwa mheshimiwa katika bunge la juu la Ufaransa, binti huyo anaingia mbele ya kamati yao akiwa na hati za kuuzwa kwake, anamnyooshea kidole na kusema ni huyu. Hakuna upanga. Mtumwa anamwangusha mheshimiwa kwa ushahidi, mchana kweupe. Filamu ya 2002 haina Haydée kabisa.

Tena wamemfanya Fernand mtoto wa kabaila tangu mwanzo. Kwenye kitabu ni mvuvi maskini, binamu yake Mercédès, anayepanda cheo kwa usaliti mmoja baada ya mwingine mpaka juu. Dumas alikuwa anawaambia Wafaransa wa wakati wake: watazameni wakubwa wenu, muulize walipataje. Filamu imetuachia wivu wa tajiri kwa maskini, jambo dogo sana.

Mchangiaji wa tatu:

Dada hapo juu amesema vizuri, ila tusimtakase mwandishi. Bibi yake Dumas, Marie-Cessette, alikuwa mtumwa mweusi wa Saint-Domingue, Haiti ya leo. Baba yake alizaliwa huko, akawa jenerali wa Ufaransa, naye akafungwa Italia kwa takriban miaka miwili, akatoka afya imeharibika. Ukijua hayo, kurasa za gereza unazisoma kwa macho mengine.

Lakini mjukuu huyohuyo alimwandika Ali, mtumishi Mnubi wa Dantès. Ali alihukumiwa Tunis kukatwa ulimi, kisha mkono, kisha kichwa. Dantès anasimulia, bila aibu, kwamba alisubiri ulimi ukatwe kwanza ndipo akaenda kumnunua, kwa sababu siku nyingi alitaka mtumishi bubu. Niliposoma hapo nilikifunga kitabu siku mbili. Hili mleta mada hujaligusa.

Mleta mada:

Sikuligusa, na ulikuwa wajibu wangu. Nilipolisoma nililipita haraka, sasa naona nilipita kwa sababu nilikuwa upande wa Dantès. Pale ndipo anapoonyesha amekuwa mtu wa namna gani, mapema kabisa, kabla mtoto yeyote hajafa. Sitamtetea Dumas.

Kwa mchangiaji wa kwanza: unauliza kosa gani. Mercédès alimtambua kwa kuisikia sauti yake, kabla ya wote, akanyamaza. Usiku wa kuamkia pambano la Dantès na Albert alikwenda kumwombea mwanawe asiuawe, na Dantès akakubali, akajiandaa kufa yeye. Kwangu mapenzi yao yaliishia hapo, kwa heshima kuu. Kuwarudisha pamoja ni kumfanya mwanamke huyo tuzo.

Mchangiaji wa nne:

Nawakumbusha ipo ya Wafaransa ya 2024, Pierre Niney akiwa Dantès. Karibu saa tatu, na huko Ufaransa peke yake tiketi zaidi ya milioni 9 ziliuzwa. Haydée yumo, ingawa anapewa Albert. Fernand anaachwa hai. Dantès anaondoka baharini peke yake, bila Mercédès, na watu walilipa kuona hivyo.

Mchangiaji wa kwanza:

Nitaitafuta. Yule mtoto Edouard yumo?

Mchangiaji wa nne:

Hayumo.