Wakuu, mungu wa ziwa awe mwanamume au mwanamke? Kundi linavunjika

Mchora Visiwa (mleta mada)
Wakuu, wakubwa shikamooni. Nipo Igoma, Mwanza. Tuko watu wanne tunatunga ulimwengu mmoja wa hadithi. Kila mtu ana visiwa vyake, ila ziwa ni la wote na lina mungu mmoja. Tumekwama kwenye jinsia yake. Mimi nasema mwanamke, mwenzangu hataki hata kusikia. Kwenye kundi hatusalimiani tena. Naombeni ushauri, nimechoka.

Kokoto
Mkuu, Kiswahili kinasema "alikasirika akapindua mtumbwi", basi. Dume au jike, msomaji hajui. Ugomvi unatoka wapi?

Mama Sangara
Miungu mnatunga, ibadani mko wapi? Nimeuza samaki Mwaloni Kirumba mpaka nimesomesha wanangu. Ziwa likichafuka, hata mvuvi mlevi anamtaja Mungu mmoja tu. Acheni michezo, wanangu.

Mchora Visiwa
Shikamoo mama. Kokoto, tunaandika na toleo la Kiingereza, na kule lazima uchague. Mmoja wetu anataka kile kiwakilishi chao cha wingi, "they", kitumike kwa mmoja. Mimi naona mungu atasomeka kama kundi la watu.

Ngalawa
Huyo mungu anaitwa nani? Mbona jina unalizunguka?

Mchora Visiwa
Mugasa. Anayepinga ni wa Ukerewe, anasema wa kwao ni mwanamume na si wa kuchezewa. Lakini huu ni ubunifu! Halafu jalada limeshachorwa, ni mwanamke, na mchoraji ameshalipwa.

Ngalawa
Kumbe ulishaamua, unatafuta mashahidi. Huyo si wako peke yako. Wahaya wanamwita Mugasha, Waganda Mukasa, na hekalu lake lilikuwa Bubembe, visiwa vya Ssese. Mukasa ni mwanamume, mkewe Nalwanga ni chatu. Ila sikiliza hili: Roscoe, aliyeandika habari za Baganda mwaka 1911, anasema kiti chake mkuu, yaani mtu anayepandwa na mungu huyo, alikuwa mwanamke. Mungu wa kiume ananena kwa kinywa cha kike! Hapo ndipo pa kuandikia, si kwenye kugeuza jinsia. Akiwa majini andikeni "mzimu umepita". Akimpanda mtu, "amesema".

Jaduong'
Kwetu Nyandiwa, ziwani upande wa Kenya, wanasimulia kuwa mtu aitwaye Nyamgondho alinasa bibi kizee kwenye mtego wa samaki. Bibi akamtajirisha kwa ng'ombe. Jamaa akalewa, akamtukana. Bibi akarudi ziwani na mifugo yote nyuma yake. Hakuna anayemwita mungu, ila sisi watoto tulimwogopa kuliko mamba.

Kokoto
Chai hii. Akaunti mpya, jalada tayari, mchoraji kalipwa. Kesho utatuwekea na bei ya kitabu.

Mchora Visiwa
Siuzi kitu, na jalada siliweki hapa. Nimeomba msaada kwa nia njema.

Wa Nansio
Si chai. Mimi ndiye huyo wa Ukerewe. Mbona hukuwaambia nilichosema? Nilisema badilisheni jina, kisha mungu wenu awe mnavyotaka. Hela ya mchoraji nilichangia na mimi, picha naipenda. Wewe ndiye uliyekataa kwa sababu jina limeshaandikwa juu yake. Bibi yangu anamtaja Mugasa kwa adabu, siwezi kumpelekea kitabu hicho.

Mama Sangara
Sasa huyu ana neno.

Mchora Visiwa
Nilidhani jina ndilo linaloipa hadithi uzito. Nipigie leo usiku, tusimalizie huku.