Sato wa kontroo wanahema juu ya maji na sumu sijawawekea

Mvuvi_wa_Maabara: Habari za leo wakuu. Naangalia pemethrini (sumu ya kuua wadudu) inavyobadilisha uogeleaji wa vifaranga vya sato, kazi ya shahada ya pili. Dawa hiyo na maji haziivi, kwa hiyo naiyeyusha kwanza kwenye asetoni, mikrogramu 20 kwa mililita. Matangi ni ya lita 10. Dozi ndogo nachota mililita 1, ya kati 5, ya juu 10. Kontroo (matangi ya kulinganishia, yasiyo na sumu) ni mbili: maji matupu, na maji yenye asetoni mililita 10. Siku ya kwanza shwari. Asubuhi ya pili nakuta wale wa asetoni tupu wako juu wanahema kwa midomo, nikigonga kioo hawashtuki. Msimamizi naonana naye Ijumaa.

Kambare Mzee: Maji ya tangi hilo yana weupe kama yaliyooshea mchele?

Mvuvi_wa_Maabara: Ndiyo mkuu! Na kioo kinateleza. Nilidhani chakula kimezidi.

Kambare Mzee: Bakteria hao. Wanakula asetoni yako na kumaliza oksijeni. Pima oksijeni kabla hujaandika neno "tabia". Ila kosa kubwa ni hiyo 1, 5, 10. Umepandisha sumu na asetoni kwa pamoja. Samaki wa dozi ya juu akizubaa, utajuaje kimemzubaisha kipi?

dada_wa_vipimo: Halafu mililita 10 kwa lita 10 ni mara kumi ya ukomo wa miongozo ya OECD (shirika la nchi mbalimbali linalotoa taratibu za kupima kemikali), yaani mililita 0.1 kwa lita.

Mchuzi Mzito: Si aweke spiriti tu?

dada_wa_vipimo: Kwenye kazi ya tabia? Hapana kaka. Spiriti ni ethanoli, na ethanoli kidogo huwafanya vifaranga vya samaki pundamilia wakimbie ovyo, ikizidi wanalegea. Kama walevi wa mtaani kwetu.

Kambare Mzee: Tengeneza chupa tatu: mikrogramu 20, 100 na 200 kwa mililita. Kila tangi lipate mililita 1 tu, kontroo ya asetoni nayo 1. Dozi zako zitabaki zile zile, mikrogramu 2, 10 na 20 kwa lita. Na anayehesabu kwenye video asijue tangi lipi ni lipi.

Mvuvi_wa_Maabara: Video za wiki tatu nitupe?

Kambare Mzee: Za siku ya kwanza, dozi ya juu dhidi ya asetoni tupu, ziite majaribio ya awali. Nyingine tupa, na mwambie msimamizi kabla hajaziona mwenyewe.