SSD haionekani (kikundi cha Ukoo wa Bi Mkubwa, Wete na Unguja)

Zuhura: Assalaam alaykum. Ami Khamis upo? Ile diski mpya ya SSD ulonitumia na boti nimeitia kwenye laptopu lakini haionekani. Naona diski C ya zamani peke yake.

Ami Khamis: Waalaykum salaam mwanangu. Nipo Darajani. Diski ya zamani bado imo?

Zuhura: Imo. Ila inalia tik tik tangu Ijumaa, na sauti za marehemu bibi zimo humo.

Mama Nassor: Ya Rabbi! Kasida zake?

Zuhura: Zote.

Ami Khamis: Basi hizo kwanza. Diski ikilia hivyo inakufa. Tafuta flashi uzinakili sasa hivi, SSD itangoja.

Zuhura: Tayari ami. Nimezipiga tatu nne, zinasikika.

Seif: SSD mbovu hiyo, irudisheni dukani.

Ami Khamis: Ngoja Seif, hatujui bado. Zuhura, zima, washa tena huku unabonyeza F2 mfululizo uingie BIOS, ukurasa wa mipangilio ya laptopu yenyewe. Huko Windows haijaanza kazi. BIOS ikiiona, ya kurekebisha yako kwenye Windows. Isipoiona, tutazame ilivyokaa.

Zuhura: Ipo ya zamani tu. Hii picha nilivyoitia.
[Picha]

Ami Khamis: Pengo moja kwenye pini, SSD ya aina ya NVMe hiyo, na tundu la laptopu yako nililihakikisha kabla sijanunua. Yapo matundu yanayokubali aina nyengine, SATA, tu na umbo ni hilo hilo, watu wanapoteza pesa hapo. Lakini pini zako naziona nje, haijazama. Zima, chomoa chaja na waya wa betri. Iingize kwa kuiinamisha, isukume mpaka mwisho. Itainuka yenyewe. Hapo ndipo uilaze, ukaze skrubu.

Zuhura: BIOS IMEIONA!! Lakini Windows bado haioneshi kitu

Ami Khamis: Alhamdulillah. Ni mpya, haijaandaliwa. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika diskmgmt.msc, itafunguka orodha ya diski zote. Taratibu hapo mwanangu. Ya zamani ni ya GB 500, Windows inaiandika 465. Mpya ni 512, itaandikwa 476 nayo tupu. Ukifomati ile ya 465 umefuta kila kitu.

Zuhura: Ya 476 ina mstari mweusi.

Ami Khamis: Ndiyo hiyo. Ianzishe kwa GPT, ndio mpango wa kugawa diski, halafu bofya kulia kwenye mstari mweusi, unda volyumu mpya, chagua NTFS, mfumo wa faili wa Windows.

Zuhura: D imetokea! Nahamishia kasida.

Ami Khamis: Na flashi usiifute, mpe Seif akuwekee nakala nyengine kwenye simu yake.

Seif: Naja baada ya Laasiri.

Mama Nassor: Zuhura, nitilie hapa moja, ile alokuwa akisoma mfunguo sita.

Zuhura: [Sauti 3:42]

Mama Nassor: Ndiye. Hata kikohozi chake kimo.