Tupeane uzoefu: tumepunguzaje gharama za simu ya mezani na simu za nje, sisi wa Kigoma na Tabora?

Mwanzilishi wa mada, Mwanga, Kigoma

Wakubwa shikamooni, na wengine habari za majukumu. Nimefungua mada hii kwa sababu ya karatasi iliyo mbele yangu, nayo ni ankara ya simu ya mezani ya ofisi yetu ndogo ya kupokea na kusafirisha mizigo, ambayo kwa mwezi mmoja imezidi mshahara wa kijana anayetufagilia yadi. Nilipoketi na kalamu nikaipitia mstari kwa mstari, nilikuta kwamba simu za Dar es Salaam na Mwanza, ambazo ndizo nyingi, zilichukua sehemu ndogo tu ya fedha hiyo. Kilichotumaliza ni simu kumi na moja zilizoanza na 000257 na 000243, yaani Burundi na Kongo, na katika hizo, saba zilikuwa za kusubirishwa. Karani wa upande wa pili alisema "subiri nimwite," akaulaza mkonga mezani, na sisi tukabaki tunasikiliza kuku wa Bujumbura kwa bei ya dakika ya kimataifa.

Tangu hapo tumejiwekea utaratibu. Tunatuma kwanza ujumbe mfupi wa maandishi kueleza tunamhitaji nani na saa ngapi, na akishajibu kwamba amekaa karibu na simu ndipo tunapiga. Mambo ya hesabu, kama idadi ya madumu ya mawese, jina la boti na siku ya kufika Kibirizi, tunayaandika kwenye kipande cha karatasi kabla ya kunyanyua mkonga, ili asiwepo mtu wa kusema "ngoja kidogo niangalie." Simu iliyokuwa ya dakika tisa sasa ni ya dakika mbili. Ankara iliyofuata ilipungua kwa zaidi ya nusu, ilhali bei za simu zilibaki zilezile.

Naomba kila atakayechangia aeleze jambo alilolifanya yeye mwenyewe, na kama lilimgeuka aeleze pia. Habari za "nasikia kuna kifurushi fulani" tuziache, kwa kuwa vifurushi hubadilika kabla hatujamaliza kuvijadili.

Karani mstaafu, Tabora mjini

Marahaba mwanangu. Mimi nilikuwa karani wa ofisi moja ya umma hapa Tabora tangu enzi za Shirika la Posta na Simu, kabla halijagawanywa mwanzoni mwa mwaka 1994 na huduma za simu kuwa chini ya TTCL. Wakati huo kubana matumizi kulikuwa ni kufuli. Simu zilikuwa za kuzungusha kwa kidole, na mkuu wetu alipachika kikufuli kidogo kwenye tundu la namba moja ili kisahani kisizunguke, kisha akatembea na ufunguo mfukoni hata siku za mapumziko.

Vijana wa ofisi waligundua kwamba kazi yote ya kile kisahani ni kukata umeme wa laini kwa haraka mara kadhaa: ukizungusha tatu inakata mara tatu, tisa mara tisa, na sifuri mara kumi. Kile kitufe kinachobonyea unapoweka mkonga nacho hukata umeme uleule. Basi wakawa wanakigonga kwa ncha ya kidole, mara mbili, wanatulia kidogo, mara saba, wanatulia tena, na simu inaita huko mbali ilhali kufuli liko palepale linang'aa. Nilimshuhudia mmoja wao akigonga namba nzima ya Dar es Salaam, sifuri na yote, amefumba macho kama mpiga ngoma, na hakukosea. Ankara za miezi ile zilikuwa kubwa kuliko za kabla ya kufuli, kwa sababu aliyeweza kugonga alijiona ana haki ya kuongea mpaka achoke.

Mkuu aliyefuata aliliondoa kufuli akaleta daftari la kurasa mia, akalifunga kwa mnyororo kwenye mguu wa meza. Kila aliyepiga aliandika tarehe, namba, jina la aliyempigia, sababu, saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Mwisho wa mwezi ankara ilisomwa sambamba na daftari mbele ya wafanyakazi wote, mstari baada ya mstari, na kila simu isiyokuwa na mwenyewe ilisubiriwa kimya kimya mpaka mwenyewe ajitokeze. Hakuna aliyewahi kukatwa mshahara. Lakini hakuna aliyetaka kusikia ikisomwa "dakika kumi na nne, Nzega, kumjulia hali shemeji," na katika miezi mitatu simu za namna hiyo zilitoweka.

Nitaongeza jambo moja la ufundi kwa wenye simu za mezani. Kenya na Uganda hupigwa kutoka kwetu kwa 005 na 006, si kwa 000 kama nchi nyingine. Na mwambieni ndugu aliye nje ya nchi kwamba akishapiga 255 aiache ile sifuri ya mwanzo ya msimbo wa mkoa, yaani Kigoma ni 28 na Tabora ni 26. Nimewahi kulaumiwa mwaka mzima kwamba sipokei simu, kumbe jamaa alikuwa akiigandamiza sifuri kila mara.

Mwalimu, Manyovu

Sisi wa mpakani hutozwa bei ya nje bila kutoka nje. Nyumba yangu iko kwenye mteremko unaotazama Burundi, na upepo ukivuma vibaya au umeme ukikatika upande wetu, simu yangu hujikamatia mnara wa ng'ambo bila kuniuliza. (Hilo la upepo ni imani yangu tu, la umeme nina uhakika nalo.) Dalili yake ni saa: Burundi wako nyuma yetu kwa saa moja, hivyo simu inayojirekebisha yenyewe nayo hurudi nyuma kwa saa moja.

Asubuhi moja niliamka, nikaona ni saa kumi na moja na nusu, nikajilaza tena kwa raha zangu. Nilipokuja kushtuka jua limechomoza nilimpigia mwalimu mkuu, ambaye anaishi hatua mia mbili kutoka kwangu, kumwomba radhi kwa kuchelewa zamu. Tuliongea dakika tatu hivi. Salio la shilingi elfu tano nililoliweka usiku likaisha katikati ya kuomba radhi, na yeye akadhani nimemkatia simu kwa jeuri.

Tangu siku hiyo nimeingia kwenye mipangilio ya simu, nikazima utafutaji wa mtandao wa moja kwa moja na kuchagua mtandao wangu kwa mkono, na nikazima kabisa intaneti ya romingi, yaani ile inayotumia mtandao wa nchi nyingine. Ubaya wake ni kwamba mnara wetu ukizima ninabaki bila mawasiliano, na nikisafiri inabidi nikumbuke kurudisha mipangilio. Nimeridhika na ubaya huo.

Mama wa familia, Ujiji

Assalaam alaykum. Kaka zangu wawili wako Muscat, na mama yetu amekwishavuka miaka themanini. Wengi mtaniambia nitumie WhatsApp, lakini aliye na ndugu Oman anajua kwamba kwa miaka mingi upigaji simu kwa WhatsApp umekuwa ukizuiwa kule, ingawa ujumbe wa maandishi na wa sauti hupita. Simu ya kawaida kwenda 968 nayo ilitula salio lote la wiki katika salamu tu, maana mama hawezi kuingia kwenye neno kabla hajauliza hali ya kila mtu kwa jina.

Tukahamia kwenye ujumbe wa sauti. Mwanzoni ulikuwa ni mtihani. Mama aliishika simu kwa mikono miwili kama kikombe cha uji, kidole kikatetemeka na kuachia, na kaka akapokea vipande ishirini vya nusu sentensi. Halafu alikuwa akizungumza nayo kama mtu aliyeko mbele yake, anasema, "Umenisikia, baba?" kisha ananyamaza kungoja jibu, na ukimya huo wote unarekodiwa. Mjukuu ndiye aliyemfunza kukisukuma kile kidude cha maikrofoni kwenda juu ili kurekodi kujifunge kwenyewe, mikono ikapumzika. Sasa Alhamisi baada ya Magharibi anakaa kibarazani anawapa habari zao zote, na wao wanajibu Ijumaa wakitoka msikitini. Gharama yake ni kipande kidogo cha bando la kawaida.

Simu ya moja kwa moja tumeibakizia Idi na msiba. Habari ya msiba hatuiachi kwenye ujumbe.

Mkulima, Kaliua

Mimi nina fupi. Simu ya namba ya nje inaita mara moja na kukata, saa nane za usiku, na msimbo wake ni wa nchi ambayo huna hata jirani aliyewahi kwenda. Mimi nilikuwa na mtoto wa dada aliyesafiri, nikadhani ni yeye anabipu, nikapiga. Nikakuta muziki na sauti ya kike isiyokwisha, na salio likaenda. Ndivyo wanavyokula: namba zile hutoza bei ya juu, nao hupata mgao wa kila dakika unayokaa. Usirudishe.

Mkazi wa Kasulu

Shemeji zangu walikaa Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo, kisha wakahamishiwa Marekani na sasa wako Chicago. Tulikubaliana tuongee Jumamosi saa mbili asubuhi ya kwao, ambayo kwetu ni saa kumi jioni, nami nikawa nanunua kifurushi cha saa moja dakika chache kabla. Ilikwenda vizuri mpaka Novemba. Jumamosi moja nikasubiri, kifurushi kikaisha, na walipopiga sikuwa hewani. Jumamosi iliyofuata ikawa vivyo hivyo, na mke wangu akaanza kunung'unika kwamba ndugu zake wametusahau. Kumbe kule saa hurudishwa nyuma mwanzoni mwa Novemba na kusogezwa mbele mwezi Machi, kwa hiyo tofauti yetu ni saa nane kipindi kimoja na saa tisa kipindi kingine. Siku hizi sinunui kitu mpaka niuone ujumbe wao wa "tumeamka."

La pili ni kadi za maongezi wanazonunua huko. Shemeji alifurahia kadi moja ya bei ya chini mno, lakini kwangu ilionekana namba ya hapahapa nchini, na nilipoipiga baadaye haikupatikana. Simu za namna hiyo hupitishwa kwenye mashine yenye laini nyingi za ndani ili ionekane si simu ya nje, na kufanya hivyo ni kosa ambalo TCRA, yaani mamlaka ya mawasiliano, na polisi wamewakamatia watu. Zaidi ya hayo sauti ilikuwa ya kukatikakatika, na kadi yenyewe ilikata ada ya kuunganisha kila alipopiga upya, kwa hiyo ule urahisi ukaishia kwenye karatasi ya tangazo.

Mwanzilishi wa mada

Nawashukuru sana, hasa mzee wa Tabora. Nami nimepima jambo moja wiki hii: nilisoma matumizi ya data kwenye mipangilio ya WhatsApp, nikaongea na mteja wa Bujumbura kwa sauti dakika kumi nikiwa nimewasha ile sehemu ya kutumia data kidogo kwa simu, nikasoma tena. Zilikwenda MB 4 na kidogo. Nilipojaribu kwa picha, nilikata kabla ya dakika ya tatu, maana kaunta ilikuwa inakimbia.

Hata hivyo simu ya mezani hatuiondoi, kwa sababu wazee wawili wa Kalemie, kule Kongo, hawaamini mzigo usiotajwa kwa mdomo kupitia namba ile wanayoijua. Tutakachobadilisha ni mezani penyewe. Daftari nimelinunua leo pale sokoni Mwanga, na mnyororo ninao. Ulikuwa wa baiskeli.