Tupeane uzoefu: dawa "orijino" au ile ya bei chee?

Mkwe wa Tanga: Wakuu, jana nimepeleka cheti cha Augmentin ya mtoto duka la dawa, dada ananiuliza, "Ya Mwingereza au ya Mhindi?" Bei mbingu na ardhi. Nimechukua ya Mhindi, usiku kucha namtazama mtoto anavyopumua. Nyie mnafanyaje?

Kaka Mdogo: Nachukua ya Mhindi, nasali.

Binti Temeke: Umenitonesha. Yangu mimi si bei, ni majina. Mama ana presha, kliniki wanampa amlodipine. Kaka akaja likizo na boksi la Norvasc, "dawa ya uhakika hiyo." Mama hakutupa ya kliniki, nani anatupa dawa? Akawa anameza zote na chai ya asubuhi. Miguu ikavimba, tukasema chumvi. Wiki ya tatu anatoka msalani, akadondoka mlangoni. Saa nane usiku, bajaji, mimi nimeshika kichwa chake, mdogo wangu mfuko wa dawa. Daktari kapanga maboksi mawili mezani: "Hii na hii ni kitu kimoja." Chini ya lile jina kubwa, kwa herufi ndogo: amlodipine. Kaka alitoka nje.

Kaka Mdogo: Pole sana dada. Mama yupo?

Binti Temeke: Yupo. Boksi la Norvasc anawekea vifungo.

Mzee wa Kahawa: Huyo kaka naye!

Binti Temeke: Mzee wangu, kaka yangu muache. Kaboksi kale kalikula mshahara wake.

Msomali wa Ilala: Mnaodharau ya Mhindi, 2001 mlikuwa wapi? ARV za wenye hataza, yaani haki ya kutengeneza peke yao, zilipita dola 10,000 kwa mwaka, Cipla ya India ikasema itauza kwa 350. Mjomba alishaondoka 1999. Mama mdogo anameza mpaka leo, ana wajukuu.

Mtoa Dawa: Hataza ikiisha, wengine wanaruhusiwa kutengeneza, hawalipii tena utafiti wa mwanzo. Someni jina dogo, muulize kama imesajiliwa TMDA, mamlaka ya dawa. Ila ya kifafa usirukeruke kampuni bila daktari.

Mzee wa Kahawa: Siasa hizo. Paracetamol ya kawaida hainigusi, mpaka Panadol.

Mtoa Dawa: Mzee, hilo liko kichwani tu.

Mzee wa Kahawa: Si ndiko kunakouma?