Kebo ya pampu imekatwa mara 3 ndani ya mwaka mmoja: wizi wa vyuma chakavu unadhibitiwa vipi?

Mwanzisha mada

Ndugu zangu, ninaomba ushauri wenu katika jambo ambalo limeishinda kamati yetu. Mimi ni katibu wa mradi mdogo wa maji ya kisima kirefu, na ndani ya mwaka mmoja kebo ya shaba inayopeleka umeme kwenye pampu imekatwa mara 3. Mara ya kwanza tuliinunua upya tukaendelea na kazi. Mara ya pili tukaajiri mlinzi. Mara ya tatu wezi wakaikata upande ulio mbali na kibanda chake, na yeye akagundua asubuhi, maji yalipokosekana. Kinachoniuma ni kwamba kilo chache za shaba, ambazo nina hakika ziliuzwa kwa fedha kidogo sana, ziliwaacha mamia ya watu bila maji kwa siku 9.

Si kebo peke yake. Mifuniko ya chemba za maji taka imeng'olewa pia, na mtoto mmoja alitumbukia usiku akavunjika mguu.

Katika mkutano wetu wa mwisho wako waliotaka wezi wafungwe vifungo virefu, wako waliotaka tuiombe serikali ifunge biashara yote ya vyuma chakavu, na wengine walisema dawa ni kuongeza walinzi. Fedha za kufanya kila kitu hatuna. Ninauliza kwa dhati: mwenye nguvu ndogo kama sisi aanzie wapi, na wenye mamlaka tuwadai nini?

Mchangiaji wa kwanza

Pole sana, Ndugu Katibu, na tunamwombea mtoto huyo apone vizuri. Kazi yangu ni kuandaa rasimu za kanuni na sheria ndogo, na suala hili nimelifuatilia kwa miaka kadhaa. Nitasema ninachoamini: wizi huu huanzia kwenye mizani ya mnunuzi, si kwenye nguzo wala kwenye chemba. Mwizi wa simu anaweza kuitumia simu yenyewe, lakini aliyeiba mita 40 za kebo hana la kufanya nazo mpaka apatikane mtu wa kuzipima na kumlipa, tena upesi, bila kumuuliza amezitoa wapi. Pale ambapo mtu huyo hayupo, kebo inabaki salama ardhini hata kama mlinzi amelala.

Kwa nini shaba? Kwa sababu inayeyushwa tena na tena bila kupoteza sifa zake, na kwa hiyo shaba kuukuu iliyo safi huuzwa kwa bei isiyopishana sana na ya shaba mpya. Mwaka 2021 bei ya tani moja katika soko la dunia ilivuka dola 10,000 za Marekani, na uzoefu wa nchi nyingi unaonyesha kwamba bei inapopanda, wizi hupanda nayo. Jambo hilo limeonekana pia kwenye vichujio vya moshi vya magari, vile vinavyofungwa kwenye ekzosi: madini ya paladiamu na rodiamu yaliyomo ndani yake yalipopanda bei, magari yaliyoegeshwa yakaanza kukatwa chini usiku.

Mfano unaonishawishi zaidi ni wa Uingereza. Kwa muda mrefu sheria iliyotumika huko ilikuwa ya mwaka 1964, ambayo iliwataka wafanyabiashara wajiandikishe na kuweka kumbukumbu, lakini malipo yaliendelea kuwa ya fedha taslimu, na muuzaji aliweza kutoa jina lolote lililomjia kichwani. Kuanzia Desemba 2012, katika sehemu za England na Welisi, kununua vyuma chakavu kwa fedha taslimu kulipigwa marufuku, na sheria mpya ya mwaka 2013 ikamtaka kila mnunuzi, hata anayezunguka na gari mitaani, awe na leseni, athibitishe jina na anwani ya anayemuuzia, na atunze kumbukumbu hizo kwa miaka 3. Katika miaka iliyofuata wizi ulipungua sana. Ni haki niongeze kwamba bei za metali nazo zilishuka kipindi hicho, kwa hiyo sifa zote haziwezi kwenda kwa sheria. Hata hivyo, ninaona mantiki yake ni sahihi, kwa kuwa inamgusa mtu mwenye eneo, mwenye mizani na mwenye kitu cha kupoteza.

Kuhusu kufunga biashara yote, kumbukeni yaliyotokea Kenya. Nchi hiyo ilikuwa na sheria ya vyuma chakavu tangu mwaka 2015, yenye baraza la kusimamia leseni, lakini Januari 2022, baada ya minara ya njia kuu ya umeme kuanguka na nchi kuingia gizani, serikali ilisimamisha biashara nzima na kuifungua miezi kadhaa baadaye. Afrika Kusini nayo ilizuia usafirishaji wa vyuma chakavu nje ya nchi kuanzia Novemba 2022. Hatua za namna hii nazielewa katika dharura, kwa sababu zinawapa wasimamizi muda wa kupumua na kupanga upya, lakini haziwezi kuwa utaratibu wa kudumu. Mwenye tanuri bado anahitaji malighafi, na mlango wa mbele ukifungwa atanunua kwa mlango wa nyuma, ambako hakuna daftari.

Vifungo virefu sivipingi. Ninachopinga ni kuvitegemea, maana aliyekamatwa leo na msumeno mkononi kesho atapata mrithi, ilhali aliyemtuma na aliyenunua hawajaguswa. Mnachopaswa kudai ni kwamba mahakama zipime madhara badala ya kupima kilo. Mtu aliyekata kebo ya pampu ya maji hashtakiwi ipasavyo anaposhtakiwa kwa kuiba shaba ya thamani ndogo. Amewanyima maji watu wote wanaotegemea kisima hicho, na hati ya mashtaka iseme hivyo.

Mchangiaji wa pili

Mimi ni mnunuzi wa vyuma chakavu, nina leseni, na ninaunga mkono sehemu kubwa ya yaliyosemwa hapo juu, ingawa ninaomba tusiitwe wezi sote. Kuyeyusha alumini iliyokwisha kutumika kunaokoa takriban asilimia 95 ya nishati inayohitajika kuitengeneza mpya kutoka kwenye madini, na kazi hiyo inaanzia kwa mwokotaji anayebeba makopo mgongoni. Kutoka kwake mzigo unakwenda kwa mnunuzi mdogo mwenye mizani, kisha kwenye yadi kubwa, kisha kiwandani au nje ya nchi. Katika kila hatua mizigo inachanganywa, na ikishakatwakatwa au kuyeyushwa hakuna atakayeweza kuapa kwamba hii ndiyo kebo ya kisima fulani. Ndiyo maana ninasema nafasi ya kumkamata mhusika ni siku 2 au 3 za mwanzo, kwenye mizani ile ndogo kabisa, ambayo mara nyingi haina leseni na haijawahi kuona mkaguzi.

Tusidanganyane kwamba mnunuzi hajui. Mtu mwenye uzoefu anaitambua mali ya wizi kwa kuitazama. Shaba iliyounguzwa hadi kuwa nyeusi imechomwa ili ganda lenye maandishi ya mwenye mali lipotee. Kipande cha reli, mfuniko wa chemba, pembe za chuma za mnara wa umeme na mita ya maji ni vitu ambavyo hakuna mtu binafsi anayevimiliki nyumbani kwake. Kanuni inayokataza kununua waya uliochomwa, bila kujali maelezo ya muuzaji, ingeziba tundu kubwa kwa gharama ndogo sana, na ingetuepusha pia na moshi wa maganda hayo, ambao ni sumu. Kwa vitu vya miundombinu, mnunuzi akubali tu mzigo wenye barua ya taasisi inayouuza, na aukalishe siku kadhaa bila kuugusa ili mwenye kuibiwa apate muda wa kuja kuutazama.

Kwenye suala la fedha taslimu ninaomba tahadhari. Mwokotaji wa makopo mara nyingi hana akaunti ya benki, na sheria inayomlazimisha kuwa nayo itamwondoa yeye kabla ya kumwondoa mwizi. Malipo kwa simu yanaacha alama inayotosha, na makopo na mabati ya nyumbani yanaweza kuachiwa kiwango kidogo cha uzito kisichodai masharti yote. Shaba, hata kilo moja, isipewe msamaha huo.

Niongeze jambo ambalo wenzangu katika biashara hawapendi kulisikia. Mwaka 1987, katika mji wa Goiânia nchini Brazili, watu 2 walichukua sehemu ya mashine ya tiba ya mionzi kutoka katika kliniki iliyohamwa, wakaifungua na kuiuza kwenye yadi ya vyuma chakavu. Ndani yake mlikuwa na unga wenye seziamu-137 (kwa Kiingereza caesium), kitu kinachotoa mionzi ya hatari, nao ulitoa mwanga wa buluu gizani, na mwenye yadi, asijue ni nini, aliwagawia ndugu na marafiki. Watu 4 walikufa, jumla ya watu 249 walikutwa wamechafuliwa na unga huo, na zaidi ya 100,000 ilibidi wapimwe. Mnunuzi asiyeuliza mzigo umetoka wapi anahatarisha hata watoto wake mwenyewe.

Mchangiaji wa tatu

Mimi ni fundi umeme, nami nitajibu upande wa kisima chenu, kwa kuwa hayo mengine yatachukua muda mpaka wenye mamlaka wayafanyie kazi.

Badilisheni shaba kwa alumini. Kwa mzigo uleule wa umeme mtahitaji kebo nene zaidi, na viungio lazima viwe vile vilivyotengenezwa kwa ajili ya kuunganisha alumini na shaba, vinginevyo vitaliwa na kutu na kupata moto. Lakini kwa mwizi alumini ina thamani ndogo mno ikilinganishwa na shaba. Izikeni ndani ya bomba, mwage zege juu yake mahali palipo mbali na mlinzi, na msiache mzunguko wa kebo ya akiba nje ya ardhi, maana hapo ndipo anapoanzia kuvuta. Mwagizeni muuzaji achapishe jina la mradi kwenye ganda lote la kebo, si mwanzoni tu, na picha na namba zake zitunzwe na katibu. Mifuniko ya chuma iondolewe kabisa; iko ya zege, na iko ya nyuzi za kioo na gundi ambayo haina soko kwa mnunuzi yeyote wa vyuma. Vilevile, waya mwembamba wa tahadhari unaweza kulazwa pamoja na kebo ili king'ora kilie mara tu unapokatwa, hata pampu ikiwa imezimwa. Wezi wengi hukata wakati ambapo kebo haina umeme.

Ningependa watu waelewe pia hatari ambayo haionekani. Waya wa ardhi unapoibwa kwenye transfoma, taa zinaendelea kuwaka na hakuna anayeshtuka, lakini kinga ya watu imeondoka: hitilafu ikitokea, chuma anachokishika mtu kinaweza kubaki na umeme. Nyutro, yaani waya wa kurudishia umeme, ikikatwa katika mfumo wa fezi 3 (nyaya 3 zinazoleta umeme), nyumba zilizozoea volti 230 zinaweza kupata volti zinazokaribia 400, na majokofu na televisheni huungua mtaa mzima. Nimeitwa kutazama nyumba za namna hiyo, na kila mara wenyewe hulaumu kampuni ya umeme kabla hatujaifuata nguzo na kuona mahali waya ulipokatwa.

Lipo jambo jingine, na ninaliandika kwa uzito. Wizi mwingi niliouona ulihitaji ujuzi: mkataji alijua ni saa ngapi kebo haina umeme, alikuwa na mkasi wa kazi, na alijua urefu wa kebo iliyozikwa. Kamati ijiulize bila woga ni nani waliokuwepo siku ya kuifunga, na vipande vilivyobaki siku hiyo vilikwenda wapi.

Mwanzisha mada

Ninawashukuru kwa moyo wote. Swali la mwisho la fundi limenigusa, kwa sababu vipande vilivyobaki mara ya kwanza hatukuviandika popote. Fundi aliyefunga aliondoka navyo na sisi tuliona ni takataka. Simtuhumu, lakini ninaona sasa kwamba sisi wenyewe tuliachia mwanya. Kamati ikikutana nitapendekeza alumini na mifuniko ya zege kabla ya mlinzi wa pili.

Ninaomba kuuliza moja zaidi kwa ndugu mnunuzi. Kebo ikikatwa tena, Mungu apishie mbali, ndani ya saa 24 za kwanza tufanye nini?

Mchangiaji wa pili

Msiende polisi mikono mitupu. Nendeni na picha ya kebo, maandishi ya kwenye ganda, unene wake na urefu uliokatwa, mpate namba ya taarifa, kisha siku hiyohiyo nakala mzipeleke kwa kila mwenye mizani mnayeweza kumfikia, mkianza na wadogo, na mmwombe kila mmoja atie sahihi kwamba ameipokea. Mwaminifu atawapigia simu kebo ikifika kwake. Asiye mwaminifu, akishatia sahihi, hataweza tena kumwambia mpelelezi kwamba hakujua.